Tumetia Maji Mpaka Tumepata Mafua

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Makao Makuu, ghorofa ya juu kabisa,
Dar es Salaam.

YAH: SHUKRANI ZA MFANYAKAZI ALIYEBAKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyakazi wako wa Uhasibu. Wakati naandika bado nimo. Wakati unasoma, sijui. Naleta shukrani kwa kuvuka salama zoezi la tatu la mwisho la kupunguza wafanyakazi. La mwisho la kwanza lilikuwa mwaka juzi, la mwisho la pili mwaka jana. Mkurugenzi, hata marehemu huagwa mara moja.

Wahenga walituasa: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tumetii. Tangu mwaka juzi tumetia maji mpaka tumepata mafua, na kinyozi hajasema anafuata nani. Wenye soko hawakusubiri wembe, wameshapata kazi kwingine. Uliobaki nao ni sisi wa kupiga chafya. Idara yetu tulikuwa wanane. Sasa tuko watatu, na mameneja wawili wa kutusimamia. Simu za walioondoka zinalia mezani kwangu, nami naitikia kwa zamu: Uhasibu, Manunuzi, Ghala.

Niruhusu nikusimulie Jumatatu ile ya zoezi, maana wewe huingilia geti la nyuma. Tulipanga foleni, kila mtu na kihotipoti chake. Mlinzi alishika karatasi, akipitisha kidole jina kwa jina. Akafika mzee wetu wa ghala, miaka 19 kazini, funguo mfukoni kama kawaida yake. Kijana akamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikiwa marahaba. Kisha akamwomba funguo. Sijawahi kusikia shikamoo nzito kama ile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi: upunguzaji utaepukwaje, wa kuondoka watachaguliwaje, watalipwa nini. Nakiri mashauriano yalifanyika. Sisi tulishauriana na mlinzi.

Kuhusu kiinua mgongo, sheria hiyohiyo inataka kisipungue siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakomea miaka 10. Kwa mzee wetu zikatoka siku 70. Miaka tisa iliyobaki aliitoa sadaka, Mungu amzidishie. Sheria haikukukataza kumwongezea. Ilikuwekea sakafu, nawe ukaifanya dari.

Wiki iliyofuata ukatuletea mhamasishaji atuinue ari. Alituvalisha fulana zilizoandikwa "Sisi ni Familia Moja". Fulana zilikuwa zimeagizwa kabla ya zoezi, kwa hiyo kila mtu alipata mbili. Akatuambia tufumbe macho, kila mmoja ajione alipo baada ya miaka mitano. Watu wakalia. Yeye akadhani somo limeingia.

Ninayo maombi matatu, ya bure kabisa.

Kwanza, tuonyeshe wembe. Kama kigezo ni aliyeingia mwisho kutoka kwanza, sema. Kama ni utendaji, tubandikie alama ukutani. Kama ni wasiokuchekea kwenye lifti, sema pia, tufanye mazoezi ya meno.

Pili, mara hii kidole cha mlinzi kianzie ghorofa ya juu. Huko upepo ni mzuri, na sikumbuki aliyewahi kunyolewa.

Tatu, kama kuna zoezi la nne, lisiitwe la mwisho. Liite la nne tu. Mtu akijua idadi ya viboko vyake hujikaza. Anayehesabiwa kimya kimya hutazama mkono wa mpigaji, kazi ikalala.

Nikipata majibu nitafurahi. Yakichelewa nitaelewa, maana aliyekuwa akijibu barua zako alitoka awamu ya pili.

Wako mtiifu, mpaka hapo itakapotangazwa vinginevyo,

Mhasibu, Manunuzi na Ghala (Kaimu)

Nakala: Mlinzi wa getini. Mdogo wangu, ukiliona jina langu, nipigie kabla sijapanda daladala. Angalau niokoe nauli.