Heko kwa CD Isiyonakilika

Wa kusifiwa wameshasifiwa: mashujaa, wachumba, ng'ombe wa maziwa, hata pesa. Lakini sijasikia mtu akiisifu ile kinga ambayo makampuni ya muziki yalizitia CD zao mwanzoni mwa karne hii ili zisinakiliwe, na huo ni utovu wa shukrani. Mimi mkazi wa Nakuru, niliyefaidika nayo kuliko nilivyoomba, naiandikia haya kwa unyenyekevu.

Sifa yake kuu ni upambanuzi. Kinga hii humtambua mtu mwaminifu mara moja na kumshughulikia yeye tu. Mwizi haimgusi, yeye nyimbo humfikia zikiwa zimeshachujwa, laini, hazina kikwazo. Anayekutana na kinga ana kwa ana ni yule aliyeingia dukani, akalipa bei kamili na akatunza risiti. Fikirieni kipaji hicho kingekuwa mikononi mwa serikali! Askari wa trafiki pale Salgaa angeyaacha malori yasiyo na breki yapite kwa amani, akamsimamisha mwenye bima, leseni na mkanda kifuani. Mahakama zingewafunga walalamishi. Watoza ushuru wangemwandama yule tu ambaye ameshalipa, ingawa hapo nasita, maana huenda wenzetu hao wana kipaji hicho tayari.

Upambanuzi huo niliuonja mwenyewe. Jamaa yangu alirudi kutoka Ulaya na CD mpya, kashani pana ilani kwamba haiwezi kunakiliwa. Redio ya gari iliimeza, ikakoroma, ikaitema. Kompyuta nayo ilinyamaza kama haijawekewa kitu. Nikampelekea fundi mmoja wa Bondeni, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mzee, hii haina ubovu. Shida yake ni orijino."

Kisha akachomoa nakala feki ya nyimbo zilezile, ya shilingi 50, ikaimba kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama.

Alikuwa amesema kweli. Philips na Sony walipoitoa CD mwaka 1982 hawakuitengenezea kufuli, kwa hiyo waliotaka kuifunga baadaye hawakuwa na njia ila kuiharibu kidogo kwa makusudi. Walipachika makosa ndani yake, na orodha ya uongo ya yaliyomo, ili kompyuta ipotee njia huku redio ya kawaida ikiendelea bila habari. Redio nyingi za magari zilikuwa na kisomeo kama cha kompyuta, zikapotea pamoja nayo. Philips wenyewe walisema CD za namna hiyo hazistahili kubeba nembo ya CD. Wivu tu.

Sifa nyingine nitazitaja nikipita. Kinga hii hukuza ubunifu: mwaka 2002 watu waligundua kwamba ukipaka wino wa kalamu ya maka kwenye ukingo wa baadhi ya CD hizo, kufuli linafunguka. Mwaka 2003 mwanafunzi wa Princeton, Alex Halderman, akaonyesha kwamba aina nyingine hushindwa ukibonyeza kitufe cha Shift wakati wa kuiingiza. Kwa kuwa Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kuvunja kinga za kiufundi, nawasihi wenye maduka ya vifaa vya shule hapa mjini wafiche maka zao kila Januari. Na ni nyenyekevu. Mwaka 2005 CD za Sony BMG zilipatikana zikipenyeza programu kwenye kompyuta za wateja, nayo ikajificha isionekane hata ukiitafuta.

Hapo, nikiri, heshima zangu zinaniishia. Mtu amekulipa. Unaingia nyumbani kwake bila hodi, unajibanza uvunguni, unaacha mlango wazi hadi virusi navyo vinakuja kujificha nyuma yako, halafu mwizi ni yeye? Kampuni iliagiza CD hizo zirudishwe, mamilioni yake, baada ya kelele.

Sisi Kenya hatukuwa na haja ya uchawi huo. Tulipewa stika. Sheria hiyohiyo ya Hakimiliki inataka kila CD ya muziki inayouzwa iwe na stika ya Bodi ya Hakimiliki, nayo yang'aa vizuri juani. Inalinda kasha kwa uaminifu mkubwa. Wimbo hauna haja ya kupita kwenye kasha. Hupitia kwenye kompyuta ya kibanda cha filamu, ukaingia kwenye flashi, na flashi haina pa kubandika stika. Anayeomba stika, kuilipia na kuibandika ni mwenye kazi yake: msanii wa Molo au Njoro anayezungusha CD zake kwa mkono harusini na kwenye harambee. Ndiyo, upambanuzi uleule.

Maana hapa kwetu kila aliye karibu na wimbo hutozwa kwa ajili ya msanii. Kinyozi mwenye redio moja hudaiwa leseni. Matatu hudaiwa, na hoteli, na baa. Wakaguzi huijua kila spika kutoka Naivasha hadi Kuresoi. Katika kukusanya hawapotei njia kamwe. Orodha ya uongo imewekwa mahali pengine, kwenye kugawa. Mwaka 2019 chama cha hakimiliki cha wanamuziki, MCSK, kiliwagawia wanachama wake shilingi 2,530 kila mmoja, awe aliimbwa nchi nzima au chumbani kwake. Kwa bei ya yule fundi wa Bondeni, hizo zinamtosha msanii kujinunulia nakala feki 50 za kazi yake mwenyewe, na chenji ya shilingi 30. Stika ajitegemee.