Muulize Kogo: Maji Yakichemka

Barua za wiki hii zimefika zikisukumana kama wachumaji wanaogombania mstari mmoja, na mbili za kwanza zimetoka meza moja ya hoteli moja, Jumamosi ileile. Nimezisoma na miwani, nikazirudia bila miwani. Tuanze.

*Kogo, sisi ni watu sita hapa Kapsoit. Wenzetu huangalia mpira. Sisi kila Jumamosi hukutana hotelini kuonja chai. Kila mmoja huja na majani yake, tunapika, tunanusa, tunabishana. Ni starehe tu, hakuna anayelipwa. Juzi niliuliza swali dogo: maji ya chai ya rangi yawe moto kiasi gani? Mwalimu mmoja mstaafu akavuta kiti. Alianza na mgandamizo wa hewa. Kufika dakika ya arobaini chai ilikuwa imepoa, na mimi bado sijui nizime jiko lini. Nilikosea kuuliza? – Mpenda Chai*

Mjukuu wangu, yakichemka. Jibu lako ndilo hilo. Mwenye haraka aende zake.

Umebaki? Haya. Kuna pakiti za chai zinazosema maji yawe digrii 100, na aliyeandika maneno hayo hakuwa amesimama Kericho. Mombasa, pale ufuoni, maji huchemka kwenye 100. Sisi tuko kama mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haiyakalii maji kwa uzito ule, basi yanaanza kuruka mapema, kwenye digrii 93 hivi. Ukiongeza kuni yatapiga kelele zaidi na kukauka upesi, lakini joto halipandi. Mtu aliyeshika kipimajoto akingoja 100 atangoja hadi sufuria itoboke. Chai ya rangi inataka maji ya moto kabisa, na 93 ndiyo moto kabisa wa kwetu. Yaachie majani dakika moja zaidi kabla hujachuja. Na kama ni chai ya maziwa, ile tunayoichemsha na majani ndani mpaka inapanda kutaka kumwagika, hata hilo usiliwaze. Majani yetu mengi hupita mashine ya kusagia ya CTC, yakatoka punje ndogondogo zinazomwaga rangi kabla hujaweka kijiko chini.

Umesoma hayo kwa dakika mbili. Mwalimu alichukua arobaini, wala sidhani alikosea hata neno moja. Hilo ndilo linaloniumiza. Barua yake hii hapa.

*Kogo, mwalimu mwenyewe ni mimi, na najua yule aliyeniuliza ameshakuandikia. Nilifundisha fizikia miaka 29. Nikiulizwa habari ya maji kuchemka, nitajibuje bila kusema kwa nini yanachemka? Kumwambia mtu “yakichemka” ni kumnyima akili. Mwezi uliopita mwingine aliuliza kwa nini chai ya zambarau hugeuka waridi ukiikamulia ndimu. Nikaanza kumweleza rangi iitwayo anthosayanini, akanikata: “Sema tu ni ndimu.” Ni ndimu! Watu wa siku hizi wanataka majibu ya kumeza mara moja kama dawa ya minyoo. – Mwalimu Mstaafu*

Mwalimu, nakuheshimu, kwa hiyo nitakusema.

Siku niliyoanza kuchuma chai, nyapara alinipa kikapu na maneno manne: majani mawili na chipukizi. Alivunja moja mbele yangu, kwa kidole gumba na cha shahada, akalitupa kikapuni, akaondoka. Nilichuma wiki nzima kwa maneno hayo manne. Wiki ya pili, vidole vimeshaanza kujua njia, alirudi akanionyesha banji, yaani chipukizi lililolala, lisilofunguka tena, akaniambia nilivunje lisizibe meza ya kuchumia. Mwezi wa pili ndipo niliposikia kwa nini tunarudi mstari uleule baada ya siku saba hadi kumi na nne: ukichelewa, jani linakomaa, linakuwa gumu, na kituoni karani analitoa kwenye mzani akikutazama kama mwizi. Yote hayo angeweza kunimwagia asubuhi ya kwanza. Ningesimama katikati ya chai kama mlingoti.

Mpenda Chai alikuwa amesimama kizingitini, ameshika kikombe. Wewe ukamvuta mkono moja kwa moja hadi ghalani. Na nikuulize bila kukasirika: kufika dakika ya ishirini, ulikuwa bado unamjibu yeye, au ulikuwa unawajibu wanafunzi wa miaka 29 ambao hawaji tena darasani?

Lakini sikubebeshi mzigo wote peke yako, maana jibu fupi nalo limewahi kuniharibia shamba. Nilipopata kipande changu huko Konoin, nilimuuliza jirani namna ya kupogoa. “Kata fupi,” akasema, akashika njia yake. Nikakata fupi, tena Januari. Matawi niliyokata nikayafunga mzigo, nikayabeba yote nyumbani nikawashie jikoni, nikajiona mama mwenye bidii. Kiangazi kikanikuta hapo. Jua lilipiga ile miti iliyobaki uchi, magome yakapasuka upande wa juu kama kisigino kisichopakwa mafuta, na mashina zaidi ya mia hayakuchipua tena. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba matawi huachwa palepale yaifunike miti isichomwe na jua, kisha yaoze yawe chakula chake. Yule jirani alijua yote haya. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake niliilipa mimi miaka mitatu.

Kwa hiyo akija mtu na panga la kupogolea mkononi, mkalishe, mweleze mpaka jua litue. Akija na kijiko, mwache anywe kwanza.

Na ile ya zambarau: mmea ule, TRFK 306/1, ulitoka kwa watafiti wa chai wa hapa Timbilil mwaka 2011, na sijui zawadi gani nzuri zaidi kwa mwalimu wa sayansi. Usianze na anthosayanini. Chukua kikombe, kamua ndimu, rangi igeuke mbele ya macho yake, halafu nyamaza. Najua kunyamaza ni kazi ngumu kwako. Atauliza, “Imefanyaje?” Mwambie ni ndimu. Akiuliza mara ya pili ndimu imefanyaje, hapo sasa vuta kiti.

*Kogo, nimeolewa Silibwet, natoka Kakamega. Nimemuuliza mama mkwe mara tatu namna ya kutengeneza mursik. Kila mara ananijibu, “Utajua tu.” Huu ni mwaka wa pili na bado sijajua. – Mgeni Jikoni*

Pole, binti yangu. Anayesema “utajua tu” huwa na moja kati ya mambo mawili: hataki ujue, au mikono yake inajua kitu ambacho mdomo wake haujawahi kuulizwa. Tumchukulie kwa wema, tuseme ni la pili. Mimi nitakueleza kirefu, maana hapa ufupi ndio uliokupotezea miaka miwili.

Tafuta sotet, kibuyu kilichokauka vizuri. Kioshe, kianike, na usikose kukinusa: kikinuka uchachu wa zamani, rudia. Chukua kijiti cha senetwet, ule mti wa maua ya manjano unaoota kando ya njia, ukichome mpaka kiwe kaa jekundu. Kaa hilo liingize ndani ya kibuyu, ulisage kwa sosiot, ule ufito wa kibuyu, ukilizungusha ukutani pande zote, chini na shingoni, mpaka ndani kuwe kweusi sawasawa. Mahali ulipoparuka ndipo maziwa yatakapoharibikia. Kung'uta masalio. Maziwa uwe umeshayachemsha, na yapoe kabisa. Ukiyamimina ya moto, umepoteza maziwa na mkaa. Jaza, funika kwa nguvu, weka mahali penye baridi, usichungulie. Siku chache baadaye kitikise kabla ya kumimina. Ukiona yametoka mazito, yana michirizi ya kijivu na buluu, yananuka moshi kwa mbali, mpelekee mama mkwe kikombe cha kwanza kwa mikono miwili. Usiseme ulifundishwa na gazeti.

*Kogo, nataka kuanza kukimbia. Rafiki yangu ana saa ya kupima mapigo ya moyo, anasema bila hiyo napoteza wakati. – Kijana wa Litein*

Wilson Kiprugut Chumo, mtu wa hapahapa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Saa iliyompima ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Toka nje, kimbia, rudi kabla ya giza.

*Kogo, kwa kifupi tu tafadhali: kwa nini mvua ya mawe inatuandama sisi? Juzi imefagia shamba langu ikaruka la ndugu yangu. – Mkulima, Kapkatet*

Kwa kifupi: ziwa na milima. Mchana upepo wa Ziwa Victoria hupanda huku umebeba unyevu, hukutana juu yetu na upepo wa mashariki, mawingu yanapaa hadi kwenye baridi kali, na jioni tunaokota mawe mlangoni. Hupita kwa mkanda mwembamba, ndiyo maana ndugu yako amepona. Usimtafutie uchawi.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini ngoja. Mwaka 1982 Russell Schnell na Suan Tan-Schnell walichapisha utafiti juu ya chai yetu hii. Waliona kwamba majani makavu yanayooza chini ya michai yana chembe zinazogandisha maji mapema, kabla baridi haijawa kali sana, na wakahisi kwamba vumbi lake huinuliwa na miguu ya wachumaji wanapopita kwenye mistari. Umenielewa? Huenda ni sisi, na vikapu vyetu mgongoni, tuliokuwa tukipelekea mawingu mbegu za mawe. Nimepita kwenye mistari ile miaka 31, na kila mawe yalipoanguka nilitazama juu kwa hasira, kumbe ningetazama viatu vyangu. Sasa utataka kujua chembe zenyewe ni nini, na kwa nini matone ya wingu yasigande yenyewe tu yakifika sifuri, na hapo kwenye sifuri ndipo penyewe hasa, kwa sababu maji safi yakiwa hewani hayagandi kwenye sifuri, yanaweza kushuka chini yake sana yakiwa bado ni maji, mpaka yapate kitu cha kushika, na kitu chenyewe...

Mhariri alinipa ukurasa mmoja, nami nimeshageuza karatasi upande wa pili.

Mwalimu Mstaafu, ukisoma hapa: Jumamosi nakuja Kapsoit. Niwekee kiti kando yako, tuanzie kwenye sifuri. Chai nitachemsha mimi.