Kikao cha Mahari na Ordinatere Bubu

Mahari ya dada yetu ilikuwa imejadiliwa na mtaa mzima wa Birere, isipokuwa wale wenye haki ya kuijadili. Baba yake mkubwa yuko Kinshasa, shangazi yake yuko Bruxelles, nasi tuko hapa Goma, kwenye nyumba ya mbao ya mama mdogo. Wageni wa posa hawapokelewi kabla wakubwa hawajakubaliana. Basi ikapangwa: kikao kwa video, Jumapili moja ya Januari, saa nane mchana, kwa ordinatere ileile ambayo mama mdogo huchapia barua za majirani.

Usiku wa Jumamosi bati likavuja, tukahamisha meza gizani, maana umeme ulikuwa umekatika. Ulirudi alfajiri. Ordinatere ikawaka ikitangaza kuwa leo ni tarehe 1 Januari 2009. Kila ukurasa wa intaneti ukakataa kufunguka, na bafle hazikutoa hata mkoromo.

Nyumba ikajaa wataalamu. Mjomba alisema ni virusi, kila kitu kifutwe. Jirani alisema umeme umeunguza kadi ya sauti, na duka inakouzwa analijua. Mama mdogo akasimama mbele ya meza: hakifutwi kitu, hakinunuliwi kitu, mpaka ijulikane kinachouma ni nini. Nilimheshimu sana kwa neno hilo, kwa sababu faili za wateja wake zote zimo mle.

Aliyeketi kutafuta ugonjwa ni bibi arusi mwenyewe. Alichomoa waya wa bafle akauchomeka kwenye simu, nazo zikaimba vizuri. Kumbe bafle ni nzima. Akachungulia nyuma ya sanduku: waya uliingia kwenye tundu la kijani, ndilo la sauti inayotoka, la waridi ni la maikrofoni. Hapo napo hapakuwa na kosa. Kisha akaitazama skrini. Ilikuwa ya mtumba, imeletwa wiki ileile, na waya wake ni wa HDMI, unaobeba picha na sauti kwa pamoja. Ordinatere ilikuwa inapeleka sauti yote kwenye skrini, na skrini ile haina spika. Akabofya alama ya spika chini ya skrini, akachagua bafle. Watoto waliolala chumba cha pili waliamka wote.

Ikabaki saa. Ndani ya ordinatere kuna betri ndogo ya duara iitwayo CR2032, ya volti 3, inayoiendesha saa wakati sanduku halipati umeme. Ikichoka, umeme ukikatika tarehe hurudi ile ya kiwandani. Kurasa zenye ulinzi nazo huonyesha hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ordinatere inayoamini tuko 2009 huona hati hiyo bado haijaanza, ikafunga mlango. Penye umeme usiokatika betri hii inaweza kufa bila mtu kujua, kwa kuwa sanduku lililochomekwa ukutani hulisha saa hata likiwa limezimwa. Kwetu Birere betri iliyokufa haifichiki. Tulipata nyingine kwenye meza za watengeneza simu. Alichomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha sanduku, akasukuma kilimi, akaiweka mpya, alama ya kujumlisha ikitazama juu.

Mama mdogo akarekebisha saa: saa tano kamili. Intaneti ilipoingia, ikajirudisha saa nne. Mjomba akapaza sauti: virusi!

Hapana. Kongo ina saa mbili. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, UTC. Sisi wa mashariki tuko mbili mbele, sawa na Rwanda, ndiyo maana anayevuka Petite Barrière kwenda Gisenyi hagusi saa yake. Aliyeiandaa ordinatere aliandika Kongo, akachagua magharibi. Jina la Goma halimo kwenye orodha, na hilo linaniudhi. Kwenye Linux utachagua Lubumbashi. Kwenye Windows, mstari wa Harare na Pretoria. Januari hiyo Bruxelles ilikuwa sawa na Kinshasa, kwa hiyo saa nane yetu ni saa saba yao wote wawili. Tungeifuata ordinatere, tungechelewa saa nzima, na baba mkubwa si mtu wa kungojeshwa.

Saa nane kamili nyuso zao zikatokea, sauti ikasikika mpaka barazani. Shangazi alipoelezwa asubuhi ilivyokuwa, akatoa uamuzi: aliyeifufua ordinatere mahari yake isipunguzwe hata mbuzi mmoja. Haikupunguzwa.

Nawe uliye Goma, Bukavu au Kisangani, kabla hujamruhusu mtu akufutie ordinatere yako, kagua kwanza sauti imeelekezwa wapi, betri ina umri gani, na saa imewekwa ya mji upi.