Mwenye Nyumba Apiga Hodi

WarnerMedia alikuwa mwenye nyumba mwenye bahati: Netflix akiwaonyesha Wamarekani vichekesho vya Friends, yeye anakula kodi nono. Roho ikamuuma. Kwa nini mpangaji ashibe? Mwisho wa 2019 akamtimua, na 2020 akafungua duka lake mwenyewe la video mtandaoni, HBO Max. Duka likameza pesa kuliko lilivyotema. 2022 akafunga ndoa na kampuni ya Discovery. Mahari yenyewe deni. Jina la duka wakalikata likabaki Max, kisha 2025 wakalirudishia HBO, labda herufi zilikuwa zimeazimwa tu. Na yule mpangaji? 2023 mwenye nyumba alimfuata kwa miguu yake, tamthilia za HBO kwapani: “Hodi humu! Kile chumba bado unakitaka?” Maringo nayo, jamani, yanataka akiba.