Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Zamani za Zanzibar

Mheshimiwa,

Fomu yako ya kutathmini maisha ya enzi za Sultani imenifikia. Inapendeza kwa ufupi wake: visanduku viwili tu, "Pepo" na "Jahanamu". Nimempelekea bibi yangu, mzaliwa wa shamba, aliyechuma karafuu kwa malipo ya pishi kabla ya Mapinduzi. Tatizo ni kwamba hajui pa kutia alama.

Anasema baba yake alikaa katika shamba la bwana mmoja, akipalilia mikarafuu kwa fadhila ya kupanda muhogo katikati. Muhogo ruhusa, mnazi hapana, maana mwenye mti mwisho wake hudai na ardhi. Miaka ya 1950 siasa zikapamba moto, wakaambiwa wahame, na muhogo haujakomaa. Basi ni Jahanamu, nikamwambia, kalamu mkononi. Akanizuia: niandike pia kwamba mchele wa dukani haukuwa na foleni. Foleni alikuja kuzijua baadaye, akiwa amekwisha kupewa eka tatu zake na Serikali. Nami nashuku wengi wanaomlilia Sultani barazani wanaulilia mchele.

Kuna mtu hayumo kabisa katika fomu yako: Mwingereza. Tangu 1890 nchi ilikuwa chini ya himaya yake. Seyyid Khalid alipokalia kiti cha usultani mwaka 1896 bila idhini yake, kasri ilipigwa mizinga na vita vikaisha kwa chini ya saa moja. Hata uchaguzi wa Julai 1963 ulifanyika yeye akiwa bado yupo. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kikapata asilimia 54 hivi ya kura, kikaambulia viti 13 kati ya 31. Desemba Mwingereza akakabidhi uhuru, akafunga mizigo. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye yakaja Mapinduzi, Sultani naye alikuwa baharini, na lawama zote, pamoja na sifa zote, zikabaki kwa jina lake.

Kwa hiyo tunaomba kisanduku cha tatu. Kisiwe kikubwa, ila kitoshe muhogo, mchele na Mwingereza. Ikishindikana, bibi yuko tayari kuandika nyuma ya karatasi, lakini anataka kujua kwanza: malipo ya kukumbuka ni kwa siku, au bado ni kwa pishi?

Wako mtiifu, kwa kiasi,
Mjukuu wa mchumaji