Barua ya Wazi kwa Serikali Inayojua Ninapoishi

Rau, Moshi

Kwa: Serikali, dirisha lolote ambalo bado halijanielekeza dirisha jingine

YAH: OMBI LA KUTAFUTIWA FUNDI WA PAA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naipongeza Serikali kwa kunifahamu. Mwaka 2022, kabla ya Sensa, vijana wa anwani za makazi walifika hadi kwangu, nyumba ikapata namba na mtaa ukapata kibao. Alama za vidole vyangu mnazo, na laini yangu ya simu inazijua, maana Januari 2020 mlianza kuzizima laini ambazo wenyewe hawakuweka kidole. Hata jengo langu mnalifahamu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi, kisha 1,500. Nikinunua umeme, kabla taa haijawaka, Serikali imeshachukua chake. Mtu kama mimi hata akitaka kujificha hana pa kwenda.

Ninayemtafuta ni Mtanzania mwenzangu. Kwenye simu yangu anaitwa Fundi Paa. Ninaye pia Fundi Bomba, na Fundi Geti, ambao sina ugomvi nao. Fundi Paa alikuja Novemba, mwezi ambao fundi wa Kilimanjaro hupigiwa simu kuliko mbunge, kwa sababu Desemba ndugu wote wa Dar wanapanda nyumbani na hakuna anayetaka wamkute anaishi chini ya turubai. Alilala kwenye stoo ya saiti na mke wangu akampikia. Kenchi akazisimamisha, upande mmoja akaupiga bati kwa kasi ya kutia moyo. Upande wa pili, akasema, tutumie geji 28 na kofia zake, kuna mtu wake Arusha anayempa kwa bei ya jumla, “boss” niongeze tu kidogo. Kidogo ilikuwa shilingi milioni mbili na laki nne.

Nilipotuma, ujumbe ulileta jina la mwanamke. “Huyo mama watoto,” akasema. Kesho yake gari la bati lilikuwa njiani. Keshokutwa lilikuwa limeharibikia Boma Ng’ombe, springi imekatika. Halafu akaanza kujibu yule dada wa mtandao, kwa sauti ile ile isiyo na lawama kwa mtu yeyote. Gebo ya upande wa mlima iko wazi hadi leo, na kupitia hapo naiona Mawenzi yote, mita 5,149, bila kulipa kiingilio cha hifadhi.

Nilikwenda kituo fulani cha polisi. Afande alinisikiliza kwa adabu, akafunga daftari kabla hajaliandika, akasema, “Mwalimu, hiyo ni madai.” Nilikasirika, kisha nikaenda kuisoma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hasira ikageuka heshima kwa fundi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa, ndiyo. Lakini udanganyifu wenyewe, kwa kifungu cha 301, ni uongo juu ya jambo lililopita au lililopo. Fundi Paa hajawahi kunidanganya kuhusu jana. Uongo wake wote ulikuwa wa kesho: kesho bati zinashuka, kesho tunapiga kofia, Jumamosi nakukabidhi nyumba yako. Hata ule wa springi ulikuja baada ya pesa kuingia. Kuna mawakili wanaolipwa ghali ambao hawaijui mipaka ya kifungu hicho kwa usahihi huo.

Basi tukaingia kwenye madai. Mwanasheria mmoja kijana alinikalisha chini akanieleza njia nzima kwa Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Kwanza, jina kamili la mdaiwa. Fundi Paa halifai. Kampuni ya simu ina jina na kidole, ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimruhusu kila mwenye hasira kwenda kuchungulia, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote pale taarifa zinapokuwa zangu. Na huenda hata wakizifungua, tutamkuta mama watoto.

Tuseme jina limepatikana. Wito lazima umfikie mdaiwa. Asipoonekana, mahakama inaweza kuamuru ubandikwe kwenye ubao wa mahakama na kwenye nyumba ambayo mdaiwa anajulikana kuishi mara ya mwisho. Kijana aliposoma hapo, tukatazamana. Mara ya mwisho Fundi Paa anajulikana kuishi kwenye stoo yangu.

Kwa hiyo karani atakuja Rau na gundi, atabandika mlangoni kwangu karatasi yenye mhuri inayomtaka mwenye mlango huo afike mahakamani kujibu deni la milioni mbili na laki nne. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, hivyo kila anayekwenda sokoni ataisoma bila kuhitaji mkalimani. Kufikia jioni mtaa mzima utakuwa unajua kwamba Mwalimu anadaiwa. Wa kanisani watanichangia.

Siku ikifika na mdaiwa asitokee, nitapewa hukumu ya upande mmoja, nishinde kesi dhidi ya kiti. Halafu ni kukaza hukumu. Ikiwezekana kumpata, naweza kuomba afungwe kama mfungwa wa madai, hadi miezi sita. Hapo kijana alishusha sauti: gharama ya chakula cha mfungwa wa madai huitoa mdai, nayo huwekwa mahakamani kwanza. Akitoka, deni bado lipo. Nilimwambia sheria hiyo naifahamu, ndiyo tuliyoitumia Novemba yote. Mke wangu ameuliza kama huko gerezani atapeleka na ndizi za nyama au watamzoesha maharage.

Wazee wa mlima huu hawakuwa na anwani za makazi, lakini madeni yalilipwa. Walikuwa na chungu cha laana, ambacho Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1924 juu ya Kilimanjaro na watu wake. Jambo hutangazwa kwanza, mwenye hatia apewe nafasi ya kujitokeza. Asipojitokeza, maneno hufanya kazi yao popote alipo, Taveta au Tunduma. Chungu hakimuulizi mdai namba ya kitambulisho cha mdaiwa. Mimi ni Mlutheri, sitakigusa. Nasema tu kwamba nilipomtajia habari hiyo mmoja wa vibarua wake wa zamani, alikumbuka papo hapo kwamba jamaa aliwahi kusikika yuko Himo, kumbukumbu ambayo barua ya mwenyekiti wa mtaa haikuwa imeiamsha.

Pendekezo langu basi. Kwa kuwa chombo pekee cha dola ambacho hakijawahi kumkosa mtu ni mita ya umeme, naomba ipewe kazi ya kufikisha wito. Fundi lazima achaji simu mahali, hata kama ni kwa ajili ya kuizima. Akinunua umeme, badala ya tarakimu zile ishirini aletewe namba ya kesi na tarehe. Haraka kubwa sina, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inanipa miaka sita kudai mkataba uliovunjwa. Masika hayajaisoma.

Mali yake ninayo moja tu: pimamaji, aliisahau juu ya linta. Nimeiweka kwenye ukuta alioufunga yeye, povu likakimbilia kushoto na halijarudi. Nilidhani angalau hiyo nitaikamata kufidia hukumu. Kijana akafungua Sura ya 33 tena: zana za kazi za fundi haziruhusiwi kukamatwa, asije akakosa namna ya kujipatia riziki. Kwa hiyo naifuta vumbi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mlipa Kodi ya Jengo

Nakala: Fundi Paa, kwa kubandikwa mlangoni kwangu.