Namna ya Kuwa Mwanafalsafa wa Kilema Bila Kutafuta Jibu

Umepanda Kilema kula Krismasi. Wenzako wamekuja na magari, wewe umeshushwa na bodaboda. Usinyong'onyee. Kata ya mbege ikikufikia, piga funda, tazama mlima, kisha uliza swali. Heshima itakuja yenyewe, ukifuata haya.

1. Chagua swali lisilo na mwenyewe. "Mlima ni nini hasa?" linafaa. Usiulize leo zamu ya maji ya mfongo ni ya nani. Hilo lina jibu, na mwenye jibu amekaa ubavuni mwako.

2. Ukijibiwa, usikubali. Mzee aliyezeeka katika upagazi akisema barafu ya kilele cha Kibo inapungua, mwambie kwa upole: "Lakini Meku, tukisema barafu, tunakusudia nini?" Socrates naye aliwahoji hivyo watu wa Athens. Usitaje kwamba yeye alitaka kujua kweli, wala kwamba walimnywesha sumu.

3. Usinyanyuke kitini. Bingwa wetu hapa ni William Cooley, mwanajiografia wa London. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipita hapahapa Kilema, kwa Mangi Masaki, akaandika kwamba ameona theluji mlimani. Cooley, ambaye hakuwahi kuja huku, akahoji: theluji, karibu na ikweta? Swali safi kabisa! Mwaka 1862 wasafiri von der Decken na Kersten wakapanda wenyewe, theluji ikawaangukia usiku. Cooley akawakejeli hao nao. Ona faida ya swali lililonona: hata theluji haililoweshi.

4. Usimwige Mangi Rungwa wa Machame. Huyo, kwa masimulizi aliyoyasikia Rebmann, alitaka kujua kile cheupe cha juu ni kitu gani, akatuma watu wakakichunguze. Karibu wote walikufa kwa baridi. Swali la kweli lina gharama zake. Letu linakwisha na mbege.

5. Zungumza polepole. Nyamaza kabla ya neno la mwisho, kana kwamba linatoka mbali. Wakinyamaza nawe, wewe hesabu kwamba wamekuelewa.

6. Mwogope mseminari. Kule seminari ya Kibosho vijana husomeshwa falsafa, na likizo huwarudisha nyumbani wakiwa na njaa ya mabishano. Mmoja atakusikiliza mpaka umalize, kisha atauliza kwa adabu zote: "Baba mdogo, ni jibu gani likitolewa leo utakubali kubadili mawazo?"

Hapo shika tumbo, uende haraka migombani. Ukithubutu kumjibu, falsafa yenyewe itakuwa imeanza: utabanwa, utafikiri, utakiri hili na lile mbele ya shemeji zako, na huenda ukarudi mjini ukiwa umejua kitu. Sifa za Krismasi hazipatikani kwa njia hiyo.